Bunduki Moja, Mabega Mawili

Malachy Tiernan na mdogo wake Eunan wamezeeka pamoja kwenye nyumba ya wazazi wao, huku kwetu kaunti ya Leitrim, bila mke wala ugomvi. Ng'ombe kumi na wanne, mbwa mmoja, na bunduki moja ya marisau aliyowaachia baba. Kila mmoja alikuwa na kibali chake cha polisi kwa bunduki ileile, na sheria yao porini ilikuwa moja tu: aliyekosa ndege anampa mwenzake bunduki. Na kwa kuwa wote wawili walikuwa wabovu wa shabaha, bunduki hiyo ilihama mikono siku nzima, na kicheko chao ulikisikia toka ng'ambo ya ziwa.

Kisha mitutu ya bunduki ya baba ikaliwa na kutu. Wakachanga, wakaenda mjini Longford, wakarudi na ya Kituruki, mitutu miwili sambamba, euro mia sita na hamsini. Waliileta kwangu kwanza, maana mimi ni fundi seremala. Kitako kilikuwa cha mti wa jozi, kizuri kuliko bei yake. Ndani ya boksi mlikuwa na vibati vya kupachika kati ya kitako na chuma, ili kitako kiegemee kulia au kushoto kumfuata mpigaji.

"Balaa hilo," nikawaambia. "Malachy mfupi, wa mkono wa kulia. Eunan mrefu kama nguzo, tena mashoto. Nimfuate nani?"

"Usimfuate mtu," Eunan akasema. "Iache katikati. Tukose sawasawa."

"Wewe hata ukipewa mzinga utakosa," Malachy akamjibu.

"Nimefundishwa na wewe, kaka!"

Ikaachwa katikati.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, Eunan alilazwa hospitali ya Sligo kubadilishwa goti. Jeraha likaingia uchafu, wiki mbili zikawa miezi mitatu. Akiwa bado huko, asubuhi moja Malachy akaingia karakana kwangu, bunduki kwapani, amevaa lile koti lake zito la kuwindia.

"Inaninasa hapa," akasema, akiinyanyua. Kweli, kitako kilikwama kwenye koti chini ya kwapa. "Ni ndefu, fundi. Pachika kibati cha kulia, halafu ukate inchi moja na nusu."

"Eunan anajua?"

"Eunan! Daktari anasema atashukuru akifika kanisani. Mlimani hapandi tena."

"Kibati kinatoka, Malachy. Mbao haioti."

"Wewe fundi au padri? Kata, bwana."

Ningeweza kumwambia asubiri. Ningeweza kusema msumeno butu. Lakini kazi ilikuwa nzuri, na mimi napenda kazi nzuri. Nikampima, nikakata, nikapiga tupa, nikapaka mafuta. Kile kipande nilikiweka kando. Ukikata kitako unatunza kipande, huwezi kujua. Malachy akakiokota, akakitupa kwenye moto wa jiko la karakana, akacheka. "Kitupashie moto chai," akasema. Tukanywa hiyo chai.

Eunan alirudi mwezi wa tisa na fimbo. Mwezi wa kumi fimbo ikabaki nyuma ya mlango. Tarehe mosi Novemba, siku ya kufungua msimu, nilifika kwao alfajiri kuwasaidia kufukuza kwale vichakani, nikamkuta Eunan amevaa buti, amenyoa, anang'aa kama bwana harusi.

Akaichukua bunduki ukutani, akahakikisha ni tupu, akaiweka begani, bega lake la kushoto. Kitako hakikumfikia, kidole gumba kikagonga pua. Akaishusha. Akajaribu tena, taratibu. Akageuza kitako, akapitisha kiganja pale nilipokata.

Malachy alikuwa anaosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

"Imekukaa vizuri, kaka," Eunan akasema.

"Walisema hutatembea..."

"Nani alisema? Mimi nilisema?"

Nikajitia katikati. "Eunan, nitaongeza kipande. Nina jozi kavu, rangi karibu ileile."

"Usijisumbue, fundi. Shida yenyewe si mbao." Akachukua kamba ya mbwa. "Twendeni. Nitamshika mbwa."

Siku hiyo Malachy aliangusha ndege wanne kwa risasi nne. Hakuna aliyecheka. Na kwa kuwa hakukosa, bunduki haikuhama mkono.

Misimu mitatu imepita hivyo. Kibali cha Eunan kiliisha, hakukifuatilia. Malachy akajaza fomu ya kibali kipya mwenyewe, akampelekea asaini tu. Eunan aliisaini baada ya mwaka mzima, kwa sababu fomu ilikuwa inakaa mezani inakula nafasi ya mkate.

Msimu huu, mlangoni mwa shamba la chini, kwale dume alinyanyuka miguuni pa Malachy, mnene, mzito, ungeweza kumpiga kwa kofia. Malachy akafyatua mawinguni, mtutu wa kwanza, kisha wa pili. Akaikunja bunduki kuifungua, akatoa maganda, akamnyooshea mdogo wake aipokee.

"Nimekosa," akasema. "Zamu yako."

Eunan aliitazama. Nikadhani mkono unatoka mfukoni.

"Umekosa makusudi, kaka," akasema kwa upole. "Na mimi nina mbwa."

Akatangulia. Malachy akabaki ameinyoosha vilevile, na mimi nyuma yake, nikiangalia kitako kile kifupi, kilichokatwa kwa ustadi mkubwa.