Jiwe Lililoishia Kwenye Kioo

Mjomba wangu alikuwa msaga mawe. Nilipokuwa shuleni nikisema hivyo, wenzangu walidhani anaponda kokoto za ujenzi, nami nikaacha kueleza. Kazi yake ilikuwa katika karakana ya chuo, chumba cha nyuma chenye sinki mbili na meza iliyolowa maji siku zote. Wataalamu wa miamba walimletea jiwe. Yeye alikata kipande, akakigandisha kwa gundi juu ya kioo kidogo, kisha akakisugua kwa unga mkali na maji mpaka kikawa chembamba kuliko unywele. Hapo jiwe hupitisha mwanga kama pazia, na mtaalamu huliweka chini ya hadubini. Kazini walimwita Karatasi.

Ndiye aliyenilea baada ya mama yangu, dada yake, kufariki. Hakuoa. Akiulizwa, alisema, "Nani atakubali mume anayerudi na matope kila siku na shamba hana?" Alisali asubuhi na jioni kwa sauti ya chini, na sijawahi kumsikia akiomba kitu chake mwenyewe.

Mtu aliyemletea kazi nyingi zaidi alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu pale chuoni, tuliyemwita daktari wa mawe. Alikuwa akitafuta miduara. Mjomba alinieleza tukiwa tunachambua mchele. Ndani ya ulanga, yale madini yanayobanduka kama magamba, hukaa vipunje vinavyotoa mionzi. Mionzi hiyo haiendi mbali. Huunguza ulanga ulio karibu tu, kwa mamilioni ya miaka, mpaka kipunje kinazungukwa na mduara mweusi, mdogo kiasi kwamba nukta ya kalamu ingefunika miduara mingi.

"Ni jeraha lile," alisema. "Jiwe linaumizwa na kitu kilichomo ndani yake, mama, na halilalamiki."

"Basi linakushinda wewe na mgongo wako," nikamjibu. Alicheka mpaka akakohoa.

Daktari alikuwa amebakiwa na kipande kimoja cha jiwe lililotoka kwenye kisima kirefu kilichokwisha kuzibwa. Utafiti wake wa miaka mingi ulisimama juu ya miduara ya jiwe hilo. Alikiweka mkononi mwa mjomba.

"Karatasi, ni hili tu. Hakuna jingine."

"Nimesikia, daktari."

Msaga mawe hajui kwa vidole pa kukomea. Huinua kioo chake kwenye mwanga, katikati ya vioo viwili vyeusi, akaangalia zile chembe angavu zilizojaa katika mawe ya aina ile. Jiwe likiwa bado nene, chembe huonekana njano. Likifika kipimo, huwa kijivu. Njano, endelea; kijivu, acha. Kanuni yenyewe ndiyo hiyo, na mjomba aliishi nayo maisha yake yote ya kazi.

Siku ile aliangalia akaona njano. Akasugua. Akaangalia tena, njano. Akaongeza mizunguko michache, akasuuza, akainua kioo. Kilikuwa kioo kitupu. Jiwe lote lilikuwa limekwenda na maji.

Daktari alikipeleka dirishani, akakigeuza huku na huku.

"Ulikuwa unawaza nini?" aliuliza. "Ungeniambia umechoka. Ningempa mwingine."

Kesho yake daktari alisafiri kwenda porini, kule kwenye kisima, kuona kama ataokota chochote. Mjomba alirudi nyumbani, akasukuma sahani pembeni. "Sikuzembea," aliniambia. "Niliona njano."

Siku ya mapumziko alikaa dirishani jikoni na vipande vya zamani alivyokuwa amevihifadhi, vile alivyojua vimefika kipimo. Alikiweka kimoja katikati ya vile vioo vyeusi alivyokuja navyo kutoka kazini, akaniita.

"Rangi gani hii?"

"Kijivu."

"Angalia vizuri, mama."

"Mjomba, kijivu kama majivu."

Alikiangalia tena yeye. Kisha akaniangalia mimi. "Na hiyo blauzi yako?"

"Nyeupe. Umeninunulia mwenyewe."

"Mimi nilidhani siku hizi unaifua kwa chai," alisema, na mara hii hakucheka.

Hospitalini walisema ni mtoto wa jicho. Walimweleza kwamba lenzi ya jicho huweza kuingia unjano polepole sana, mwenyewe asijue, kwa sababu dunia nzima inabadilika naye. Wakampangia upasuaji. Alitoka pale akitembea wima kuliko alivyoingia. Shida yake ikawa moja: daktari wa mawe ajue kwamba hakuwa mzembe.

"Mpigie simu," nilimwambia.

"Nimpigie mtu porini nimwambie jiwe lako lilikuwa kijivu? Hapana. Akirudi nitasimama mbele yake nimweleze. Akitaka kunifokea, anifokee vizuri."

Mwenyezi Mungu alipanga vingine. Moyo wa mjomba ulisimama asubuhi moja akijiandaa kwenda kazini. Nilimkuta ameinama pembeni ya kitanda, kiatu kimoja kimefungwa.

Daktari alifika tulipokuwa tumekwisha kuzika, vumbi la safari bado kwenye suruali yake. Alikaa karibu nami.

"Nilimsema vibaya," alisema. "Nilitaka kumwomba radhi nikirudi."

Nikamweleza yote: dirisha la jikoni, majivu, blauzi.

"Kwa hiyo alikuwa anafuata kanuni," alisema.

"Alifuata mpaka mwisho."

Alifunika uso kwa viganja. Nilimwuliza kama kule porini alipata jiwe jingine. Alitikisa kichwa. Natamani angenidanganya, lakini yeye si mtu wa namna hiyo, na mjomba alimpenda kwa sababu hiyo.

Alikaa nami mpaka viti vya kukodi vilipokuja kuchukuliwa. Namshukuru Mungu kwamba ujumbe ulifika. Ila ulifika kwa mdomo wangu, na mjomba alikuwa amejiandaa kusimama mbele yake mwenyewe.