Punje za Mahindi Mfukoni

Katika kliniki ya wajawazito hapa Kitale, nilikomsindikiza mkwe wangu, mwanamke mjamzito, mwanajeshi mstaafu kutoka Tongaren, alikataa kukaa. Kwa haki ya mvi zangu, nikamwambia aache maringo.

"Kukhu, nyanya yangu, nikikaa magoti yanakataa kuamka."

Kinga ya mwili wake hushambulia viungo vyake mwenyewe. Ilimtoa jeshini, ikaharibu mimba mbili.

Nesi akauliza mtoto amecheza mara ngapi tangu asubuhi. Vidole vya mwanajeshi vimevimba, havishiki kalamu, kwa hivyo kwa kila teke la mtoto yeye huhamisha punje ya mahindi kutoka mfuko wa kushoto hadi wa kulia. Akamwekea nesi punje za mfuko wa kulia kiganjani, moja moja, polepole.

"Kumi na moja," mwanajeshi akasema.

"Huyo yuko kazini. Lakini presha imepanda, leo unalala wodi."

"Sawa, afande."

Mimi nilizaa saba bila kuhesabu teke hata moja, na miaka yote hii, kabla ya leo, nimekuwa nikijisifu kwa hilo.