Mjukuu Asiye na Jina la Kanali

Harufu ya rangi ya viatu, ile nyeusi ya mkebe, hunirudisha Timau hata nikiwa nimeketi dukani kwangu hapa Nkubu. Wateja hudhani nasinzia. Sisinzii. Niko mlangoni pa jiko la Kanali, msichana wa miaka minane, baridi ya mlima imeniuma vidole.

Kanali alikuwa Mwingereza wa ukoo mkubwa, wale wanaozaliwa na cheo, na alikuwa amepigana vita viwili. Baada ya Uhuru wenzake waliuza mashamba wakaenda zao. Yeye alibaki na kipande kidogo, mbwa mmoja kiziwi, na baba yangu, mpishi wake. Mkewe alikuwa kaburini nyuma ya bustani. Mwana wao wa pekee aliishi Uingereza, na sikuwahi kumwona akikanyaga pale. Kila asubuhi mzee aling'arisha buti zake mwenyewe, halafu akaketi kwenye meza yenye viti kumi na viwili. Peke yake. Viti nilivihesabu. Shule niliacha darasa la tatu, lakini kuhesabu sikufundishwa na mtu, na ndiko kulikonijengea nyumba ya ghorofa.

Ukutani palikuwa na picha za wanaume watano, pua moja wote. Baba aliniambia wote waliitwa jina moja, na Kanali ndiye wa sita.

"Kumbe ni watu kama sisi," alisema.

Kwetu Meru mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa kike la bibi. Hapo mzee hafi kabisa.

Siku barua ilipofika kutoka Uingereza ikiwa na picha ya mtoto mchanga, baba hakungoja kuelezwa. Kiingereza hakujua kusoma, lakini mtoto ni mtoto. Alishuka mbio hadi nyumba za wafanyakazi akipaza sauti kwamba Kanali amezaliwa tena. Mama akakoroga uji wa wimbi wa kumpongeza babu, wanawake wakajifunga leso, tukapanda kilima kwa vigelegele, mimi nimebeba kibuyu.

Mzee alitoka barazani. "Kuna nini, Mbaabu?" alimwuliza baba.

Mama ndiye aliyejibu. "Tumekuja kwa sababu ya wajina wako, Bwana Kanali! Sasa huwezi kutufia, hata ukitaka!"

Wanawake wakacheka. Mzee akaitazama barua iliyokuwa bado mkononi mwake.

"Hana jina langu," alisema. "Wamempa la baba ya mama yake."

Vigelegele vilikatika. Kwetu, mwana akimruka baba yake kwa jina la kifungua mimba, ni kama amemwambia: wewe sikujui. Jirani yetu mmoja akanong'ona, "Labda kuna mwingine alitangulia." Lakini wote tulijua hakuna. Na mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kuwa na mlango, nikasema kwa sauti:

"Basi huyu akifa, ameisha."

Baba alinizaba kofi nikaona nyota. Kanali akainua mkono. "Wacha mtoto," alisema. Akashuka ngazi, akakitwaa kibuyu mikononi mwangu, akanywa uji wote bila kupumzika, amesimama wima kama yuko kwenye gwaride. Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Chakula cha siku hiyo kilirudi jikoni vile kilivyoenda.

Alikufa mvua ya masika ilipoanza. Kaburi tulichimba sisi.

Miaka mingi nilidhani alikunywa uji ule kwa adabu tu, Mzungu wa watu. Leo nina wajukuu wanne, wawili wako ng'ambo, na hakuna hata mmoja anayeitwa jina langu. Watu husema siku hizi ni mambo ya kawaida. Mimi nasema inauma, na sitaki kufarijiwa. Sasa najua aliunywa kwa sababu ulipikiwa babu. Nani mwingine duniani aliwahi kumpikia Kanali kama babu? Sisi tu, tena kwa makosa.