Mwamba wa Vioo Chini ya Nyumba ya Mama

Sululu ilipogonga kitu cheusi kinachong'aa, nilipiga vigelegele peke yangu. Tulikuwa Rubona, kando ya ziwa, kwenye kiwanja nilichomnunulia mama baada ya kurudi naye kutoka Tanzania. Ombi lake lilikuwa moja tu: mlango utazame ziwa. Mimi ni mshonaji, mawe siyajui, ila ubishi naujua sana. Nikamwambia fundi mwashi kwamba tumefika kwenye mwamba, aanze msingi.

Fundi, mzee kutoka ng'ambo ya mpaka, aliingia mtaroni akachomeka nondo. Ikazama kama kwenye ugali.

"Mama," akaniambia, "hii haiko jiwe. Iko vipande tu. Nyumba itapasuka."

"Mbona ni nyeusi kama mawe yote ya hapa?"

"Bon. Glasi yenye iko na chai ya moto, ukiitupa mu maji ya baridi, inafanya nini?"

"Inapasuka."

"Donc, basi, volkano ilifanya vile. Zamani ziwa ilikuwa inafika hapa. Moto yake, ile mawe yenye kuyeyuka, ikaingia mu maji, ngozi yake ikakauka mbio, ikapasuka. Moto ingine ikatoka mu ndani, nayo ikapasuka. Vipande juu ya vipande."

Niliokota konzi moja ya vipande ili nimbishie vizuri. Kipande kikanikata kidole. Nilikiinua juani nikaona kioo cheusi, na ndani yake vitundu vya povu, povu la moto lililogandia hapo hapo. Hakuna aliyeuona moto ule ukizama, lakini makali ya siku ile yalikuwa bado yanatoa damu. Ziwa mbele yangu lilikuwa limetulia, watu wanafua nguo, nami nililiogopa kwa mara ya kwanza.

Tulichimba mpaka kimo cha mtu. Vipande tu. Mwamba wa kweli ulikuwa hatua ishirini juu zaidi, kwenye kiwanja chetu bado, ila nyuma ya ukuta wa jirani, ambako ziwa halionekani. Nilibishana na fundi siku mbili, nikitaka tujenge pale pale. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo nawaimbia wanafunzi wangu wa cherehani kila siku.

Siku ya tatu mama alikuja mwenyewe, akamsikiliza fundi mpaka mwisho, akaamuru kamba za kupimia msingi zihamishwe.

"Na ziwa lako, mama?"

"Mwanangu, nilihama nchi nimekubeba mgongoni. Hatua ishirini ndizo zitanishinda?"

Vigingi vya kamba hizo niliving'oa mimi, machozi yakinitoka.