Chagua wa Kurudisha

Harufu ya mabibo yaliyoiva kupita kiasi, yanayochacha juani chini ya mikorosho, hunirudisha nyumbani hata nikiwa nimesimama sokoni Masasi na kikapu mkononi. Ndiyo ilikuwa harufu ya msimu wa korosho kijijini kwetu, jirani na Kitangari, na ndiyo ilikuwa harufu ya kiu. Mvua ilikuwa bado, visima tulivyokingia maji ya mvua kutoka kwenye bati vimekauka, na maji tuliyafuata bondeni. Tuliteremka kabla jua halijachomoza, tukapanda na ndoo kichwani. Mwenye watoto wengi alikuwa na maji. Mwenye mmoja alikuwa na taabu, na kila mtu kijijini alilijua hilo bila kufundishwa.

Sisi tulikuwa wengi. Kaka Issa alikuwa wa kwanza, Hamisi wa mwisho, bado wa kubebwa mgongoni, na mimi nilikuwa katikati, mwembamba, mkaidi, mvivu wa kuokota korosho. Watu husema mama zetu walizaa bila kufikiri. Uongo mtupu. Bibi yangu alizaa wengi, surua na homa zikawamaliza, akabaki na mama peke yake. Mama alizaa akiwa na makaburi yale kichwani. Asichojua ni kwamba chanjo ingefika zahanati wakati wetu, na kwamba sisi tungekataa kufa.

Msimu huo alimpeleka Hamisi kliniki, sisi wengine tukamfuata moja kwa moja kutoka shambani, miguu ina vumbi, midomo imebabuka kwa mabibo. Siku hiyo alikuwepo bwana mmoja kutoka mjini, amekuja kutoa somo la uzazi. Akatutazama, akacheka.

"Mama, hawa wote wako? Mnazaa kama panya?"

Baadhi ya wanawake wakacheka naye. Mama alimfunga Hamisi mgongoni akaondoka kabla mtoto hajachanjwa surua, na njiani akaapa kwamba hakanyagi tena pale. Nilimchukia yule bwana kwa moyo wangu wote, na bado sijamaliza.

Kisha tukasikia surua imeingia kijiji cha pili. Mama akawa anamgusa Hamisi paji la uso kila mara, hata akiwa anapika. Siku ya kliniki ilipofika tena, alitoa maji yote yaliyokuwamo ndani, ya kunywa na ya kupikia, akatuogesha mmoja mmoja kwa sabuni. Jirani yetu, Mama Hadija, akashika kichwa.

"Mama Issa, leo mtakunywa nini?"

"Tutakunywa kesho."

Zahanati tulimkuta yule yule. Mama alitupanga mstari mbele yake, tumepakwa mafuta ya nazi mpaka tunang'aa, kisha akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Siku ile ulisema nimezidisha. Nimekuletea wote. Chagua wa kurudisha."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilidhani ni kweli. Macho ya bwana yalitembea kwenye mstari, na yalipofika kwangu nikajua nimekwisha. Nikaishika kanga ya mama kwa mikono yote miwili. Bwana akainamisha kichwa. Nesi akamchukua Hamisi, akamchoma sindano, naye akalia mpaka tulipofika nyumbani.

Leo bomba liko uani kwa mama. Mimi nina watoto wawili, nimeamua mwenyewe, kwa kuwa natarajia wataishi na sihitaji kichwa cha mtoto kubeba ndoo. Hilo halinifanyi niwe na akili kuliko mama. Nimepata tu alichonyimwa yeye. Hamisi ni fundi pikipiki Newala, mwenye kelele nyingi, hajawa bosi wa mtu yeyote, wala hakuhitaji kuwa ili astahili ile sindano.

Majuzi, kwenye mkutano Masasi, mtoa mada mmoja kijana alisema nchi imejaa kwa sababu wazazi wetu walikuwa wajinga. Nikanyanyuka. Nilimwambia kwamba mimi ni mmoja wa hao waliozidi. Kisha nikaenda hadi mbele ya ukumbi, nikasimama mahali ambapo angeniona vizuri, nikamwambia achague. Safari hii sikushika kanga ya mtu.