Neno la Wifi kwa Nyumba ya Mama

Wifi yangu, mke wa kaka, aliandika kwenye kundi la familia: "Nyumba ya mama imekuwa shambolic." Maneno yote Kiswahili, tusi peke yake Kiingereza. Nilijua tu kuna jambo. Mama husomewa jumbe za kundi na mjukuu, kwa hiyo lile neno lilikusudiwa limpite.

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari huku Muheza, na neno hilo sikuwahi kulifundisha. Nikalitafuta kwenye simu. Maana yake ni shaghalabaghala, wala hapo sikushtuka. Asili yake ndiyo iliyonichafua roho. Mzizi wake ulianza na kigoda tu. Kigoda kikawa meza ya kuuzia nyama, meza ikawa soko la nyama, soko likawa machinjio, na machinjio yakawa mahali popote palipovurugika. Basi wifi kaona machinjio kwa mama yangu? Kikulacho ki nguoni mwako. Anataka mama ahamishiwe Dar, nyumba yake ya hapo Nguvumali ibaki wazi. Imbakie nani, kama si yeye?

Keshoye nikaenda na machungwa yangu na hasira zangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, lakini usinikanyagie ukindu."

Kusema haki, palikuwa na fujo. Sufuria juu ya kiti, kanga chini, ukindu wa rangi umetapakaa sebule nzima. Nikajiambia ni kazi hiyo, msusi wa mikeka hakosi takataka. Nikauangalia ukili aliokuwa akiusuka. Mikeka ya mama hujulikana kwa nyekundu na nyeupe, na maharusi huiagiza. Huu nyekundu yake ilifika katikati ikageuka zambarau, kisha ikarudi nyekundu.

"Mama, hii zambarau umeiweka makusudi?"

Vidole vyake vikasimama. "Zambarau ipi?"

Aliupapasa ukili, akausogeza karibu na uso, akaushusha.

"Wifi yako naye alipokuja aliniuliza hivyohivyo," alisema. "Akataka kunipeleka kwa daktari wa macho. Nikamfukuza. Nilidhani ananitafutia sababu ya kunitoa humu ndani."

"Hata mimi nilidhani hivyo, mama."

"Basi sisi wawili tumemdhulumu bure."

Nikatoka uani kumpigia wifi. Simu iliita mpaka ikakata.