Wapangaji wa Netta Carruthers

Mumewe Netta Carruthers alifariki mwezi wa Februari, na hadi Pasaka Netta alikuwa bado anapika supu ya watu wengi. Alikuwa mpishi wa shule zaidi ya nusu ya maisha yake, na mkono wake haukujua kipimo kidogo. Supu ya shayiri, karoti na shingo ya kondoo. Alikula bakuli moja, akailaza iliyobaki, akala tena kesho yake, kisha ikachacha akaimwaga na kuanza upya. Wifi yake Effie, aliyekaa mtaa wa chini, alimwambia akiendelea hivyo ataota manyoya. Siku hizo aliongea na redio kuliko alivyoongea na watu.

Hawakujaliwa mtoto, yeye na marehemu Wull. Walisubiri, wakasubiri, mwisho wakaacha kulizungumzia. Nyumba yao ya mawe mekundu ilikuwa na vyumba vitatu ghorofani ambavyo havikuwahi kulaliwa ila na wageni wa Krismasi, na dirisha la jikoni lilitazama moja kwa moja kwenye kiwanja cha Auchenlour Albion. Wull ndiye aliyekata majani ya kiwanja kile na kuchora mistari ya chokaa, bila malipo, kila wikendi ya maisha yake ya ndoa. Netta aliionea timu ile wivu kama mtu anavyomwonea mke mwenza. Wala si kwamba ilikuwa timu ya kumtia mtu wazimu. Ilikuwa timu ya wapasua mbao, wauza nyama na mwalimu mmoja wa hesabu, ikicheza ligi ya wilaya mbele ya watu wachache na kondoo waliochungulia uzio.

Ndipo aliporudi Desmond Lorimer.

Alizaliwa kwenye vibanda vya reli hapo hapo Auchenlour, akaondoka akiwa kijana mdogo, akatajirika kwa nyumba za magurudumu, zile zinazokodishwa na watu wa likizo pwani nzima ya Uskoti. Mkewe alishamwacha, watoto wake walikuwa London na hawakumpigia simu. Alirudi na gari kubwa jeusi, akainunua Albion, na katika mkutano uliofanyika kanisani akatangaza kwamba ataipandisha hadi ligi kuu. Watu walipiga makofi kwa adabu, wakaenda kuchekea nje.

Wiki chache baadaye alibisha hodi kwa Netta.

"Bi Carruthers, mimi Desmond. Mtoto wa Maisie wa reli."

"Nakujua. Ndiwe uliyevunja dirisha la mama yangu kwa mpira."

"Ndimi. Sasa nimekuja na mipira mingi zaidi," akasema, na Netta akajikuta amesogea kando ili apite.

Alieleza kwamba ana wachezaji wanaokuja kutoka mbali na hataki walale hotelini, kwa sababu hoteli huharibu vijana. Netta akamwambia kwamba yeye hapangishi. Lorimer akanusa hewa, akatazama sufuria jikoni.

"Sijasema upangishe," akasema. "Nimesema tu kwamba watafika na njaa."

Akapewa bakuli, akala kwa kusimama, akaomba la pili na kulila akiwa ameketi. Hadi anaaga, Netta alikuwa tayari ghorofani anatazama kama shuka zinatosha.

Wakaja watatu. Gregor na Struan walikuwa mabeki kutoka kaskazini, vijana wa vifua vipana waliojaza nyumba kelele na viatu vya matope, wakila kama waliotoka kwenye njaa kuu. Wa tatu, Arvis Kalve, alikuwa mshambuliaji kutoka Latvia, mrefu, mwenye nywele nyeupe karibu kama za mzee. Huyu alikuwa mkimya. Alishukuru kwa chakula, akaosha sahani yake, akapanda chumbani. Netta alikosa raha. Effie alipoambiwa kwamba yule kijana ana ukiwa wa kukumbuka kwao, alisema huenda ni ile supu tu.

Basi Netta akapanda basi hadi mji wa Dumfries, akatafuta duka la Wapolandi, akanunua mkate mweusi wa nafaka iitwayo rai, alioambiwa kwamba ndio watu wa kule hula. Jioni akauweka mbele ya Arvis. Arvis akakata kipande, akatafuna, akatafuna tena, akameza kwa shida.

"Bi Netta," akasema, "huu mkate ni mbaya sana."

"Hata mimi niliuonja nikaona hivyo hivyo, nikadhani ndivyo mnavyoupenda."

Walicheka mpaka Gregor na Struan wakashuka kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo Arvis alizoea kukaa jikoni. Alimsimulia habari za mama yake, Velta, aliyefanya kazi posta katika mji mdogo kando ya mto na kumlea peke yake. Netta naye akamsimulia habari za Wull, mambo ambayo hakuwa ameyatamka tangu mazishi.

Albion ikapaa. Msimu wa kwanza iliwafunga watu hadi ikaonekana si adabu. Msimu wa pili ikapanda tena daraja, na wa tatu tena. Lorimer alijenga jukwaa lenye paa, akaleta taa, akaajiri kocha aliyewahi kufundisha timu kubwa, akakodi mabasi ya kuwapeleka wazee kwenye mechi za ugenini bila kulipa hata senti. Duka la nyama likaanza kuuza pai za Albion, kinyozi akapaka mlango wake rangi ya kijani ya timu. Na kila Alhamisi, bila kukosa, gari jeusi lilisimama mbele ya nyumba ya mawe mekundu. Lorimer aliingia, akavua koti, akala supu na vijana. Netta hakumsikia hata mara moja akizungumzia fedha pale mezani. Aliuliza kama Struan amempigia babake simu. Mara nyingine alikaa tu kwenye joto la jiko kama mtu aliyefika kwao.

Arvis ndiye aliyemvuta Netta uwanjani. Alikwenda shingo upande, na kitambaa cha kufuma mkononi. Kabla ya mapumziko alikuwa amesimama juu ya kiti akimwuliza mwamuzi kama mama yake anajua kwamba ni kipofu. Effie, aliyekuwa pembeni yake, alicheka hadi machozi.

"Wull angekuona leo," akasema.

"Wull angeniambia nikae nisimwaibishe," Netta akajibu, na akashangaa kwamba jina lile limemtoka bila kumchoma.

Mwaka wa nne walifika fainali ya kombe, kwenye uwanja wa taifa kule Glasgow. Auchenlour haikubaki na mtu ila mchungaji mmoja wa kondoo, mgonjwa, na mbwa wake. Wale wa upande wa pili walikuwa timu kubwa yenye jina kubwa, na kipindi cha kwanza wakafunga. Zikiwa zimebaki dakika chache, Arvis akaruka katikati ya mabeki wawili na kuupiga kichwa, mpira ukagonga mwamba na kuingia. Netta alimkumbatia mtu asiyemjua. Lakini mechi ikaenda penalti, na ya mwisho ikamwangukia Arvis, akaipaisha juu kabisa.

Waliporudi nyumbani alikaa kwenye ngazi, bado na suti ya timu, hataki kupanda wala kushuka. Netta akamletea sahani.

"Mwanangu, leo mji mzima umefunga maduka kwa ajili yenu. Hata Effie amejipaka rangi usoni, mwanamke wa umri wake. Kula kwanza. Ukishakula, lia."

Akala, akalia, wakapanda kulala.

Msimu uliofuata walikuwa ligi kuu kama Lorimer alivyoapa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Kiwanja chao hakikukidhi masharti ya ligi, kwa hiyo walilazimika kuchezea "nyumbani" katika mji ulio mwendo wa saa mbili, mbele ya viti vitupu. Walifungwa wiki baada ya wiki. Kisha Alhamisi moja gari jeusi halikuja. Wala iliyofuata. Habari zikasambaa kwamba Lorimer ameanguka nyumbani kwake, kwamba ubongo una uvimbe, kwamba watoto wake wamekuja kutoka London na kufunga mkoba. Kumbe Albion nzima, mishahara, mabasi, taa, hata majani, ilikuwa ikiishi kwa mkono wa mtu mmoja, na mkono ule ulipolegea hapakuwa na wa pili.

Mwezi wa Machi aliletwa mfilisi, mtu mpole mwenye tai ya kijivu, akawakusanya wachezaji kwenye chumba cha chakula cha klabu na kuwaambia wengi wao waende zao. Gregor na Struan walipata timu kwao kaskazini. Walimkumbatia Netta hadi mbavu zikamwuma, wakaondoka na makopo ya supu kwenye begi. Arvis alikuwa ameumia goti tangu Januari. Hakuna timu iliyomtaka. Alishuka jikoni na begi lake, akasema itabidi ahame, kwa sababu klabu hailipi tena chumba na yeye hana cha kulipa.

"Kuna mtu amekudai?" Netta akauliza.

"Hapana, lakini..."

"Basi rudisha begi juu. Na ukishuka, nimenyee viazi."

Mjini hasira zilipanda. Mwenye mabasi aliuza mawili kufidia hasara, wafanyakazi wa uwanjani walikosa mshahara, na jina la Lorimer likawa tusi. Effie mwenyewe, aliyepanda mabasi yale kuliko mtu yeyote, alisema yule mtu aliwapandisha juu ya paa kisha akaondoa ngazi. Jambo lile lilimkaa Netta rohoni, na asubuhi moja akajaza chupa ya chai supu ya moto, akamwambia Arvis avae koti, wakaenda hospitali aliyolazwa Lorimer, pwani upande wa Ayr.

Hawakumtambua mara moja. Alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa. Muuguzi alisema amekataa chakula. Netta akavuta kiti, akafungua chupa, na ile harufu ikamfanya mgonjwa afumbue macho. Alikunywa vijiko vichache, akapumzika.

"Wananitukana, Netta?"

"Wanakutukana. Na wana haki yao, Desmond. Umewaumiza watu."

Lorimer akakisukuma kijiko kando. "Nilidhani nitakuwa nimeshaweka mambo sawa kabla ya..." Akamtazama Netta. "Na wewe?"

"Mimi ulinikuta naongea na redio," Netta akasema. "Ukaniletea watu wa kuongea nao. Sikuwahi kukwambia asante, ndiyo maana nimepanda basi hadi huku. Asante, Desmond."

Lorimer akageuzia uso ukutani. Arvis aliushika mguu wa mgonjwa juu ya blanketi na kuushikilia mpaka muda wa wageni ulipokwisha.

Lorimer alizikwa kabla ya kiangazi kwisha. Kanisani hawakufika watu wengi. Netta alikaa benchi la mbele, na katikati ya wimbo wa kwanza akasikia mtu anajibana kando yake akihema. Alikuwa Effie, na kofia yake ya sherehe.

"Usinitazame hivyo," akanong'ona. "Fainali ile alinipeleka bure."

Albion yenyewe ilivunjwa. Mwaka uliofuata wapasua mbao, muuza nyama na wazee kadhaa wakachangishana, wakaanzisha timu mpya katika ligi ya chini kabisa, kwenye kiwanja kile kile. Arvis, goti lilipopona kidogo, alipata kazi kwenye kiwanda cha mbao na akawa anaichezea bure. Akamwoa Catriona, msichana wa duka la dawa aliyekuwa akimuuzia dawa za goti, wakapanga nyumba ng'ambo ya barabara. Mtoto wao wa kike alipozaliwa, Velta alikuja kutoka Latvia kwa mara ya kwanza. Hakujua Kiingereza, Netta hakujua Kilatvia, na wanawake hao wawili wakapika pamoja wiki nzima, wakinyang'anyana mwiko na kurekebishana chumvi kwa ishara, bila kukosana.

Jumamosi ya ubatizo kulikuwa na mechi alasiri, mvua ikinyesha kama kawaida. Netta, Velta na Effie walisimama kando ya kiwanja, mtoto amefungwa blanketi tatu. Timu ilifungwa mabao manne, na Arvis, anayechechemea kidogo siku hizi, alikosa goli la wazi. Velta akasema jambo kali kwa Kilatvia.

"Amesemaje?" Effie akauliza.

"Sijui," Netta akasema, "lakini naona nakubaliana naye."

Kisha akamchukua mtoto kwa bibi yake, akamsogeza ndani ya koti lake mvua isimfikie, na wakabaki pale mpaka kipenga cha mwisho.